Vakansi ya Majani

Kwanza niliweke wazi hili, maana watu wakisikia habari za farasi huanza kulainika: Madamu hakuwapenda wale farasi. Aliwaita wajinga mbele yao. Aliwaambia kwa Kifaransa, kwa sauti ileile aliyotutolea sisi darasa la tano, kwamba hawatafika popote maishani, nao walisimama wakimsikiliza huku wakitikisa masikio, kama sisi tulivyokuwa tukitikisa miguu chini ya dawati. Hakuwahi kumpanda hata mmoja. Hakuwapa majina. Aliwaita Mukubwa, Mweupe, Mama na Yule Mwingine, na ukimwambia kwamba hayo tayari ni majina, alikutazama mpaka ukakumbuka una kazi nyumbani.

Mimi kazi nyumbani ninayo siku zote. Ni fundi wa cherehani, cherehani yangu iko barazani, na baraza langu linatazama shamba la Madamu, lile linaloteremka kutoka kwenye michikichi mpaka kwenye matete ya ziwa. Miaka yote ya vita wengine walivuka kwenda Kigoma, wengine Uvira, wengine walipanda milimani. Mimi vita niliviona kutoka kwenye kiti kimoja. Sijisifu. Mke wangu husema risasi ikinitaka haitahitaji kuuliza njia. Lakini kwa kuwa nilikaa, nilimwona Madamu kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana haya nayaandika mimi, si wale wenye miguu.

Alikuwa direktrisi, mkuu wa shule yetu, kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na watu wazima wenye ndevu waliendelea kumwita Madamu na kutupa sigara wakimwona anakuja. Wanafunzi wake wa zamani aliwaita kwa mahali walipokaa darasani. Dereva mmoja wa minibasi ya Bujumbura, mtu mwenye tumbo na wake wawili, alikuwa Nyuma ya Mlango. Mimi nilikuwa Dirisha. Nilikaa dirishani, na dirisha lilitazama kwetu.

"Dirisha," alikuwa akisema, "wenzako wote walitazama nje wakiota kwenda mbali. Weye ulitazama nje ukiota kurudi nyumbani. Sijaona mutoto kama huyo."

Farasi walimfikia hivi. Kulikuwa na Mzungu mwenye hoteli ndogo pwani, upande wa kwenda Magara, aliyekuwa akiwapandisha watoto wa wageni mchangani siku za Jumapili. Walikuwa farasi wadogo, wa ile aina wanayoiita poni: kifua kama pipa la mawese, miguu mifupi, nywele zimeangukia machoni. Aliyewaona mara ya kwanza alidhani ni punda waliosoma. Vita vilipoanza, Mzungu akafunga hoteli na kumletea Madamu farasi wanne, marobota ya waya na kisanduku kimoja cha umeme, akasema ni kwa wiki mbili. Kwa nini yeye? Alikuwa akimfundisha binti yake hesabu jioni, na nadhani katika pwani yote alikuwa mtu pekee ambaye yule Mzungu alimwogopa. Wiki mbili hizo ziliwakuta farasi wakizeeka.

Sasa, mtu mwingine angefanya nini? Angewauza, ila hakuna aliyetaka kununua. Angewaachia waende zao. Angewala, na hilo lilijadiliwa, tena sana. Shehe wetu alisema nyama ya farasi ina maneno, si kama ya punda, lakini yeye binafsi hataionja. Mkatekista akasema haina maneno yoyote, lakini yeye binafsi hana kisu. Madamu alisimama katikati yao na ndoo ya maji mkononi na kusema, "Mumalize mabishano, halafu mumoja wenu aje kwangu na hicho kisu tuongee." Hakuja mtu.

Kilichomshinda hakikuwa farasi, kilikuwa majani. Poni ni mnyama wa ajabu: hawezi kushiba na hana aibu. Ng'ombe hung'oa majani kwa ulimi na kubakiza shina. Poni hukata kwa meno mpaka kwenye udongo, kama kinyozi mwenye hasira. Mwaka wa kwanza walikula shamba zima wakati wa mvua, na kiangazi kilipofika walibaki wamesimama juu ya ardhi nyekundu, wakitafuna magome ya miembe na kamba za kuanikia nguo. Shati la mteja wangu mmoja liliingia tumboni mwa Yule Mwingine, vifungo na yote, na mteja hakuamini.

Hapo ndipo Madamu akafungua marobota ya waya. Aligawa shamba mara mbili. Upande mmoja farasi walikula. Upande wa pili, ule wa chini wenye unyevu, ulifungwa, hakuna kuingia, mpaka kiangazi kikaze. Upande huo alisema uko mu vakansi, yaani likizoni.

"Lakini, Madamu," nilimwambia, "vakansi ni ya kiangazi. Shule inafunga mwezi wa saba."

"Shule ya watu. Ya majani inafunga mvua ikinyesha na inafungua ikikatika. Yakisoma mwaka mzima bila kupumzika yanakuwa kama weye, yanaishia darasa la nne ya sekondari."

Waya ulikuwa nyuzi mbili tu, juu ya fito, umepitishwa kwenye vipande vya mpira alivyovikata kutoka kwenye ndala kuukuu. Mtu asingeuita ukuta. Mbuzi angeucheka. Lakini kisanduku kilikuwa kimefungwa kwenye betri ya gari, na kilikuwa kikigonga mchana kutwa: tak, kimya, tak, kimya. Kila tak ilikuwa inarusha umeme kwenye waya wote. Hauui. Unauma. Unauma kama kofi la mtu usiyemtarajia.

Kuwafundisha farasi ilikuwa kazi. Nywele zao nzito zilikuwa koti. Waliegemea waya bila kusikia kitu na kupita. Mtu wa kawaida angeongeza waya. Madamu alikata vipande vya bati kutoka kwenye makopo ya maziwa, akavining'iniza kwenye waya, akavipaka mawese na chumvi. Poni kwa chumvi ni kama sisi kwa habari za jirani. Mukubwa alikuja wa kwanza, akanyoosha ulimi, ulimi mbichi, mrefu, mwekundu. Tak. Nilikuwa nashona upindo wa sketi, nikaacha sindano ikaenda mpaka kwenye kidole changu kwa kucheka. Aliruka kinyumenyume, akakaa chini kama mbwa, akautazama waya kwa heshima ambayo sijaiona tena kwa kiumbe yeyote isipokuwa mimi mbele ya mke wangu. Wakaja wengine watatu, mmoja mmoja, kwa sababu farasi haamini anachoona kwa mwenziwe. Baada ya siku ile ungeweza kuweka uzi wa kushonea mahali pa waya na wasingepita.

"Ulimi unajifunza haraka kuliko ngozi," Madamu alisema. "Ningejua hivi nilipokuwa shuleni."

Na shuleni, nani asiyejua, alikuwa mtu wa fimbo. Viganja vyangu ni shahidi. Lakini sikuwahi kumwona akimpiga farasi. Nilimchokoza siku moja: mbona hawa wanne ndio wanaopata huruma tuliyoikosa sisi? Nilidhani atanijibu kwa mzaha. Akakaza kwanza waya kwenye fito.

"Fimbo inachagua mutoto," akasema. "Mwalimu akiamka vibaya, inamchagua yule asiyempenda. Akisikia maneno ya watu njiani, inachagua mutoto wa wale watu. Nimeiona fimbo yangu mwenyewe ikichagua. Hii waya haichagui. Haijui weye ni wa nani."

Kisha akaniambia nishike vizuri ile fito maana nilikuwa nimeilaza kama mimi mwenyewe.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu zaidi kuhusu vita. Kwa kawaida alivitaja kama mtu anavyotaja mgeni mlevi: yuko, anapiga kelele, ataondoka, wakati huo wewe osha vyombo. Milio ikisikika kutoka milimani, watu walibeba magodoro kwenda ziwani. Yeye alibeba ndoo kwenda kwa farasi. Mara moja, watu wengi wakipita mbele ya lango lake na mizigo kichwani, mwanamke mmoja alimwuliza, Madamu, huendi? Akasema, "Majani haiwezi kukimbia. Lazima kuwe na mutu mumoja wa kubaki nayo." Nami nikiwa barazani nikaona nimepata sababu nzuri ya uvivu wangu, nikaitumia miaka mingi.

Sitaki mtu afikiri kwamba kila mtu alimpenda kwa hilo. Kwenye uwanja wa shule walikuwa wamekusanyika watu waliokimbia kutoka juu, wamejenga vibanda vya maturubai, na chakula kilikuwa cha kubahatisha. Jirani yetu muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mama mwenye ulimi usiohitaji chumvi, alimsimamisha njiani mbele yetu sote.

"Madamu, watu wanalala njaa, weye unafuga farasi. Hata maziwa hawana."

"Farasi wangu anakula mihogo yako?"

"Hapana."

"Anakula ndagala?"

"Hapana, lakini..."

"Anakula majani. Kama kuna mutu anakula majani, aje nimpe." Halafu akashusha sauti, jambo alilofanya mara chache. "Na samadi, Dada. Mwambie kila mama kule uwanjani aje na karai."

Wakaja. Walibeba samadi ya poni kwa karai na kwa vitenge, na mwaka ule lengalenga, mchicha wetu, zilizoota nyuma ya vibanda zilikuwa na majani mapana kama mkono wa mtu mzima. Muuza ndagala hakuomba radhi, Madamu hakuzingoja. Waliendelea kugombana kwa mambo mengine, hasa kwa kuwa Madamu hakula samaki. Mzaliwa wa pwani ya Tanganyika, hali ndagala wala mukeke. Alisema samaki wana macho ya watu waliokosa mtihani.

Na watu wa milimani, wale waasi wenye bunduki? Walikuja nao, asubuhi moja yenye ukungu, wanne, wakitaka wanyama wa kubeba mizigo. Madamu aliwaambia kwa upole kwamba farasi hawa hawafai, wanaelewa Kifaransa tu. Ilikuwa kweli, lakini wale walidhani anawadharau, wakamchukua Mweupe kwa kamba. Nilisikia Mweupe akipanda njia ya michikichi na sauti za watu wakimwamrisha kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya mateke. Siku chache baadaye akarudi peke yake, amekonda, akiwa na kamba shingoni na blanketi la mtu limefungwa mgongoni. Madamu akalifua blanketi lile kwa sabuni, akalianika upande wa barabarani ili mwenyewe akipita alichukue.

"Madamu," nilimwambia, "mwenyewe ni mwizi wako."

"Mwizi wangu anasikia baridi," akasema.

Blanketi lilikaa pale, jua na mvua, hata wanajeshi waliona na hawakuuliza. Siku moja halikuwepo. Hakuwahi kujua nani alilichukua, nami niliyekuwa barazani siku hiyo nilikuwa nimelala.

Huyo ndiye Madamu, mwenye tabia za kupingana kama nguo iliyoshonwa na mafundi wawili. Aliogopa chura kuliko bunduki. Alikwenda misa kila Jumapili na kumsahihisha padri mlangoni. Alihubiri kupumzika kwa ardhi na yeye mwenyewe alikula amesimama, kichwa kikielekea shambani. Alidai hapendi mzaha, lakini aliniambia mara moja kwa uso mkavu kwamba akifa nimshonee sanda yenye mifuko, maana huko aendako hajui kama kuna meza ya kuweka chaki. Alikufa miaka mingi baadaye, wakati wa amani, kitandani mwake, akiwa anamweleza muuguzi namna bora ya kukunja shuka. Mifuko niliiweka. Padri hakuona.

Lakini nilitaka kusimulia habari ya Komanda.

Kulikuwa na kituo cha wanajeshi, pozisyo, juu ya njia, ndani ya michikichi. Komanda wake alikuwa kijana kuliko nguo zake. Siku moja alishuka na watu wake akauona waya, akausikia ule mlio wa tak, na uso wake ukabadilika. Wakati huo mtu angeweza kupotea kwa sababu ya redio tu.

"Hii ni antena," akasema. "Mama, unaongea na nani?"

"Naongea na farasi. Na ni Madamu."

"Iko nini ndani ya waya?"

"Umeme mudogo. Haiko redio. Njo ushike."

"Weye shika."

Mimi barazani nilikuwa nimeacha kukanyaga cherehani. Madamu akaweka ndoo chini, akafuta mkono kwenye kitenge, akaushika waya kwa kiganja chote na kuendelea kuongea naye. Sauti yake ilikatika kila tak kama mtu anayepanda gari kwenye barabara ya mashimo. "Hii ni ya ku—zuia wanyama, Ko—manda. Upande ule uko mu va—kansi." Hakuuachia mpaka alipomaliza sentensi, maana hakuwahi kuacha sentensi katikati maisha yake yote. Komanda akamwamuru mwanajeshi mmoja ashike. Yule akashika, akapiga yowe la mtoto, bunduki ikaanguka upande wake na yeye upande wake, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata Komanda alicheka. Wakapanda njia kurudi. Tangu siku ile hakuna mwanajeshi aliyekanyaga shamba lile, na sifa za waya zilikuwa kubwa kuliko umeme wake.

Shida ilikuja na ng'ombe. Vita vikienda, maofisa wengi walipata ng'ombe, na mtu hakuuliza kutoka wapi. Komanda naye akapata wake, kundi dogo lenye pembe nzuri, na mmoja wa wanajeshi wake wa kuwachunga. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Majani kando ya barabara yalikauka, ng'ombe wakaonyesha mbavu, na kila siku mchungaji alipita nao mbele ya shamba la Madamu, ambako upande wa vakansi ulikuwa umesimama kijani, mrefu, ukiyumba, peke yake katika pwani nzima. Hata mimi nisiyekula majani nilikuwa nauona na kumeza mate.

Mwaka huohuo mafuta yakakosekana. Jamaa wa mjini aliyekuwa akichaji betri kwa jenereta alifunga kibanda. Kabla ya hapo kupeleka betri mjini kulikuwa kazi yangu, amri ya Madamu, safari ambazo nilizichukia na ambamo mara moja maji ya betri yaliniunguza suruali nyuma, nikapita Rumonge yote, mimi fundi nguo, na shimo la ukubwa wa sahani. Sasa hapakuwa na pa kupeleka. Tak zikapungua, zikawa dhaifu, zikanyamaza. Waya ukabaki waya. Farasi hawakujua, walikuwa wameshasoma. Lakini ng'ombe wa Komanda hawakuwahi kuguswa na waya ule.

Na hapo, katika kubeba maji, Madamu akateleza kwenye mteremko na kuvunjika mguu. Wakamchukua kwa baiskeli kwenda hospitali. Akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, uso umekuwa wa majivu, akanyoosha kidole kwangu.

"Dirisha. Vakansi haijaisha. Hakuna kufungua mpaka niseme. Na kila asubuhi umwagie maji ile chuma."

Kile chuma kilikuwa msumari mrefu uliochomekwa ardhini karibu na kisanduku. Kiangazi ardhi ikikauka umeme haushiki, ndiyo maana humwagiwa maji. Nilifungua mdomo kumwambia betri imekufa, maji ya nini sasa. Niliufunga. Mtu aliyevunjika mguu na bado anatoa amri humbishii. Kila asubuhi nikamwaga ndoo kwenye chuma kisichokuwa na umeme, kwa woga tu, kisha nikahamisha kiti changu na cherehani mpaka kwenye lango la waya. Mke wangu alisema ndiyo safari ndefu niliyoifanya mwaka ule.

Mchungaji alikuja na ng'ombe wote.

"Fundi, Komanda amesema ufungue."

"Lango liko hapo," nikasema, nikiendelea kushona. "Fungua mwenyewe."

Akatazama waya. Akatazama chini, penye unyevu kuzunguka chuma.

"Umemwaga maji?"

"Nimemwaga."

"Basi iko moto."

"Mi sijasema kitu."

Alikuwa mmoja wa wale waliocheka siku ya bunduki kuanguka. Alisimama anapima. Ng'ombe mmoja, jike la mbele, alinyoosha shingo, pua ikapita chini ya uzi wa juu, ikafika kwenye majani. Lile jike lingechukua hatua moja tu, na siri yetu ingekwisha, na majani yangekwisha kabla ya jioni, na farasi baada yake. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, bila kitambaa, sindano ikipiga hewa tak, tak, kama kile kisanduku. Mchungaji akaruka, akalikamata jike lile kwa mkia, akalivuta nyuma huku amekita miguu yote miwili.

"Ataungua," akaniambia, anahema. "Ni ya Komanda. Ataniua."

"Pole," nikasema.

"Kesho Komanda atakuja mwenyewe."

Nikamwita mke wangu, nikamkalisha kwenye kiti changu mbele ya lango, na nikaenda hospitali kwa miguu.

Madamu alikuwa amelazwa chumba cha wanawake, mguu uko ndani ya plasta, umeinuliwa kwa kamba. Alikuwa ameshawapanga wagonjwa wote kwa urefu, nadhani, maana vitanda vilikuwa vimenyooka kupita kiasi. Nikamweleza yote: maji, mkia, Komanda kesho.

Hakunisifu. Aliuliza, "Upande wa farasi umebaki nini?"

"Udongo, Madamu. Jana Mukubwa alianza kula kamba."

"Na waya umekufa."

"Umekufa."

"Nani yuko langoni?"

"Mama watoto."

"Anaogopa?"

"Hajawahi kuogopa kitu ndani ya nyumba yetu, sijui kama ataanza nje."

Akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Nilidhani uchungu unamzidi, nikashika kikombe cha maji. Akakisukuma.

"Basi vakansi imeisha," akasema. "Fungua. Farasi waingie kesho asubuhi na mapema."

Nikakiweka kikombe chini kwa raha. "Kwa hiyo Komanda akija atakuta..."

"Atakuta nini? Atakuta tumefungua kwa sababu yake? Hapana." Akajiinua kwa viwiko, kamba ya mguu ikalia. "Unakwenda kwake leo. Unamwambia ng'ombe wake watakula. Ng'ombe hawana grade ya jeshi, hawana kosa, na majani iko ya kutosha kwa sababu ilipumzika. Watakula. Baada ya farasi wangu. Farasi wakishatoka, wao waingie kwa zamu yao, wakimaliza watoke, na upande ule urudi mu vakansi. Umesikia?"

"Nimesikia. Ila labda nimtume mchungaji wake amwambie."

"Dirisha."

"Madamu."

"Rudia."

Nikarudia. Nilipofika kwenye lile neno nililipunguza sauti, akanirudisha mwanzo. Nikasema tena. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema naye, kwa kunisaidia: baada ya farasi.

Kabla ya siku ile sikuwahi kufika pozisyo. Nilipanda ile njia ya michikichi nikijiambia kila mti kwamba huo ndio wa mwisho, nitageuka. Mlinzi akaniuliza nataka nini, nikasema nimetumwa na Madamu, akanipisha. Komanda alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mchanga, anakula mihogo na ndagala kutoka kwenye sahani ya bati. Hakuinua kichwa.

"Fundi. Umekuja kufungua?"

"Tunafungua kesho, Komanda. Ng'ombe wako watakula." Nikavuta pumzi. "Baada ya farasi."

Akaacha kutafuna. Wanajeshi wawili waliokuwa wakisafisha bunduki wakaacha kusafisha.

"Nani kasema?"

"Madamu."

"Yuko hospitali. Mguu umevunjika."

"Ndiyo. Amesema kutoka huko."

Akanitazama, kisha akatazama chini ya mteremko, ambako kati ya michikichi ulionekana ule upande wa kijani, na mke wangu, akionekana mdogo kama kitufe, mbele ya lango.

"Na mimi nikikataa?"

"Jibu la hapo hakunipa, Komanda."

Akachukua ndagala mmoja, akamtazama macho, akamweka mdomoni, akamtafuna polepole mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Farasi wanatoka siku gani?"